Tarihi ya Kupiga Windows katika Mbalizi

Hapana kazi changa katika mji mdogo wa Mbalizi iliyojipatia desturi na masharti yake upesi kama kazi ya kupiga Windows, yaani kuuweka mfumo huo wa uendeshaji ndani ya kompyuta. Na ijapokuwa wenye kuifanya aghalabu ni vijana, na mahali pao pa kazi ni vyumba vyembamba vya steshenari kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma, kazi yenyewe ina nasaba ndefu, na nasaba hiyo, ukiifuata kwa saburi, hukutoa Mbalizi ikakufikisha Dar es Salaam, na kutoka Dar es Salaam ikakuvusha bahari mpaka katika viwanda na mabaraza ya sheria ya Marekani, kabla ya kukurejesha mbele ya meza ya fundi, ambapo pamewekwa kompyuta mpakato mpya ambayo mwenyewe amekwisha kuilipia thamani yake yote na bado haimfai kwa lolote.

Mahali penyewe pana sababu ya kuwa na kazi ya namna hiyo. Mbalizi imekaa pale ambapo njia zitokazo Umalila hushuka na viazi vyake na kukutana na barabara kuu itokayo Mbeya. Na jirani yake ni Utengule Usongwe, ambako Merere, mtawala wa Wasangu, alijenga boma lake katika karne ya kumi na tisa baada ya Wahehe kumwondoa katika nchi yake. Kwa hiyo wenyeji wa pande hizo wamezoea tangu kale kuona watu, bidhaa na maarifa vikiwajia kutoka kwingine na kufanya makazi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilikata nchi hiyo. Uwanja wa ndege wa Songwe ukaanza kupokea ndege Desemba 2012. Lakini kwa habari hii tunayoizungumza, jirani mwenye taathira kubwa kuliko wote ni chuo kilichoko upande wa Iyunga, kilichoanza mwaka 1986 kwa jina la Chuo cha Ufundi Mbeya, kikageuka taasisi ya sayansi na teknolojia mwaka 2005, na kuwa chuo kikuu mwaka 2012.

Kizazi cha leo huona taabu kusadiki kwamba zilikuwako zama ambapo kompyuta ilikuwa marufuku katika nchi yetu. Serikali ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ikawekwa katika Wizara ya Fedha. Lakini mwaka 1974, baada ya mashine hizo kuzitatiza hesabu zilizotazamiwa kuzinyoosha, na fedha za kigeni kuwa adimu, ikatoka amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Marufuku hiyo ilikuja kulegea katika miaka ya 1980, na mlango ukafunguka wazi katika muongo uliofuata. Katika kipindi hicho chote nyaraka za ofisi za Mbeya, kama za mikoa mingine, zilipigwa kwa taipureta na kunakiliwa kwa karatasi za kaboni, na mpiga chapa alikuwa mtu wa heshima. Tutamkuta tena mbele, kwa maana kazi ya kupiga Windows ilizaliwa chumbani mwake.

Zama hizo za mwanzo, popote duniani, hapakuwa na mtu aliyenunua kompyuta tupu. Aliyeleta chuma ndiye aliyeleta na maarifa ya kukiendesha, na bei ya vyote viwili ilikuwa moja. Juni 1969 kampuni ya IBM ikatangaza kwamba itatoza baadhi ya programu na huduma zake mbali na bei ya mashine, na tangu hapo programu ikaanza kuwa bidhaa yenye soko lake. Kisha, Agosti 1981, ilipotoka kompyuta binafsi ya IBM, mfumo wake wa uendeshaji, DOS, ulitolewa na Microsoft, iliyokuwa bado kampuni changa, nayo ilikuwa imejiwekea haki ya kuuza mfumo huohuo kwa watengenezaji wengine. Chuma na mfumo vikawa na mabwana wawili, kila mmoja na mfuko wake.

Mabwana hawa walipatana kwa njia isiyomfaa mnunuzi. Kwa mikataba fulani, mtengenezaji alimlipa Microsoft kwa kila kompyuta iliyotoka kiwandani, iwe imewekewa mfumo wa Microsoft au haikuwekewa, na kwa hiyo hakuona faida yoyote katika kuuza mashine tupu. Julai 1994 Microsoft ikakubaliana na Wizara ya Sheria ya Marekani kuiacha mikataba ya namna hiyo. Wiki chache kabla, tarehe 29 Juni mwaka huohuo, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha River Falls katika jimbo la Wisconsin, Jim Hall, alipopata habari kwamba DOS itaachwa ili Windows itawale peke yake, alitangaza nia yake ya kutengeneza DOS ya bure, ambayo kila mtu angeruhusiwa kuitumia na kuinakili. Ikaitwa FreeDOS, na toleo lake la 1.0 likakamilika Septemba 2006. Jim Hall hakukusudia kuwahudumia wauzaji wa Kariakoo, Dar es Salaam. Lakini watengenezaji kama HP, Lenovo na Acer walipotaka kuuza baadhi ya laptopu zao kwa bei isiyobeba gharama ya Windows, walihitaji kitu chepesi cha kuwekwa ndani ili ionekane kwamba mashine ni nzima, na FreeDOS ikawa ndicho kitu hicho. Mnunuzi anayeiwasha mara ya kwanza huona maandishi meupe juu ya kiza na kistari kinachopepesa, akadhani ameuziwa mbovu. Hali yake ni hali ya mtu aliyeletewa mashine ya kusaga isiyo na mkanda: injini inanguruma, jiwe limesimama.

Nani basi alikuwa akinunua? Mwaka 2004 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, na shule za kata zikachipuka nchini kote, za Umalila na Usongwe zikiwamo. Shule zikaleta walimu, na walimu wakaleta mitihani ya kila muhula, maazimio ya kazi, na orodha za alama, vitu vyote vinavyotakiwa kupigwa chapa. Mwaka huohuo ilitungwa sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na fedha za kujikimu zilizotoka katika bodi hiyo, ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu, zikaanza kufika mikononi mwa vijana, wakiwamo wa chuo kile cha Iyunga, ambao wazazi wao wasingeweza kamwe kuwanunulia kompyuta. Bumu likiingia, mwanafunzi aliyekuwa akikodi saa moja ya mashine katika steshenari hujitafutia laptopu yake mwenyewe; na kwa kuwa bumu halikuwa kubwa, na mtu huyohuyo alikuwa na kodi ya chumba na chakula cha kulipia, alichagua ile iliyo rahisi, nayo mara nyingi ndiyo ile tupu. Muuzaji aliye mwaminifu humwambia, na asiye mwaminifu humwacha agundue mwenyewe akiisha kushuka basi.

Hapa ndipo mpiga chapa anaporudi katika hadithi. Taipureta ilipoondoka mezani mwake na kompyuta ikachukua nafasi yake, mwenye steshenari alijikuta hana budi kuijua mashine hiyo kuliko alivyotaka, kwa sababu ikikwama siku ya mitihani hakukuwa na fundi wa karibu, na gharama ya kuipeleka mjini Mbeya ilikula faida ya juma zima. Aliyejifunza kwa dharura akawa mwalimu wa kijana aliyemwajiri, na kijana huyo akajitenga akafungua chake. Sijui kazi nyingine ya ufundi ya pande hizo iliyoenea hivyo, bila karakana, bila cheti, wala karo ya uanagenzi. Mwalimu wa shule huingia na mkoba, kijana husimama na kusema, "Shikamoo mwalimu," huyu huitika, "Marahaba, fundi, nipigie Windows," na katika maamkizi hayo elimu imegeuka upande: yule anayeitwa mwalimu ndiye asiyejua, naye hujua kwamba hajui, na hulipa bila ya kuona haya.

Chombo cha kazi katika zama za mwanzo kilikuwa diski moja ya CD yenye Windows XP, mfumo uliotolewa Oktoba 2001. Nakala zilizopendwa zilitokana na zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mashirika makubwa, kwa kuwa hizo hazikudai kuthibitishwa kwa mtengenezaji kama zilivyodai zile za mtu mmoja mmoja; na namba zake za herufi ishirini na tano, zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya diski yenyewe, mafundi waliozizoea walizijua kwa moyo. Kazi ilichukua muda mrefu na ilitegemea umeme. Katika miaka ya mgao, mathalan 2006 na 2011, fundi aliyekuwa na kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba aliweza kufikia karibu na mwisho wa kunakili mafaili, taa zikazimika, na kazi yote ikawa bure mpaka ianzwe upya. Laptopu ilimwokoa na balaa hilo, na hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya mafundi wenyewe kuwashauri watu wanunue laptopu.

Palikuwa na fumbo moja lililowatenga mafundi na waigaji wao, na inafaa nilieleze, kwa kuwa limejirudia mara tatu katika tarihi ya kazi hii kwa sura mbalimbali. Diski za namna ya SATA zilipoenea, laptopu mpya iliwekewa CD ya XP, ikasoma, ikatembea, kisha ikageuka kioo cha buluu chenye maandishi ya kutisha, au ikadai kwamba haioni diski yoyote ndani ya mashine. Diski ilikuwamo na ilikuwa nzima. XP ndiyo iliyozaliwa kabla yake na haikujua kuzungumza nayo. Dawa ilikuwa kuingia katika mipangilio ya mashine kabla haijaamka, na kuiagiza ijifanye ya zamani. Miaka ikapita, ikaja Windows 7, na laptopu zilizokuwa na matundu ya USB ya namna mpya zikawa zinaanza kusoma flashi halafu, katikati ya safari, kipanya kinakufa na flashi yenyewe haionekani. Na tangu mwaka 2020 hivi, laptopu nyingine zenye prosesa mpya za Intel humwonyesha fundi orodha tupu pale palipotakiwa jina la diski, mpaka aletewe draiva yake au azime kipengele fulani ndani ya mipangilio. Aliyeelewa sababu ya fumbo la kwanza hakushangazwa na la pili wala la tatu. Aliyekariri tu kibonyezo alianza kuuliza kwa jirani kila mara.

Lakini laptopu mpya peke yake isingeweza kulisha vibanda vyote hivyo. Riziki ya kila siku ililetwa na virusi. Flashi ilikuwa posta ya watu wasio na intaneti: mtihani ulitoka shuleni kwa flashi, ukapigwa chapa steshenari, ukarudi kwa flashi, na njiani ukakutana na nyimbo, picha za harusi na kila kilichopita katika mashine ile tangu asubuhi. Windows za zamani zilikuwa na desturi ya kuiendesha flashi mara ichomekwapo, bila ya kumuuliza mwenye nayo, na virusi vilitumia mlango huo. Folda zikageuka njia za mkato, mafaili yakafichwa, mwalimu akapiga kelele kwamba alama za kidato cha pili zimepotea. Zilikuwapo tu, zimesitiriwa, na fundi mjuzi alizirudisha kwa amri moja fupi, jambo lililompa sifa ya mganga. Mashine ikizidiwa, ilifutwa na kupigwa Windows upya. Kutokana na mazoea hayo mafundi wakafanya kanuni ya kugawa diski mara mbili, C kwa ajili ya mfumo na D kwa ajili ya mali ya mwenyewe, wakimwonya mteja asiweke kitu cha thamani katika C; maana yake, tangu siku ya kwanza ya laptopu mpya fundi alikuwa amekwisha kuandaa mazishi ya Windows aliyokuwa akiiweka.

Wapo wanaosema kwamba watu wetu walichagua wizi ilhali halali ilikuwako tena kwa bure. Maneno haya yana ukweli, lakini ukweli wake ni nusu, na nusu iliyosalia ndiyo yenye faida kwa mtafiti wa tarihi. Ni kweli kwamba Oktoba 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, alitoa Ubuntu, mfumo wa bure uliojengwa juu ya Linux, na kwamba mpaka mwaka 2011 mtu yeyote aliyeomba alipelekewa CD zake kwa posta bila ya malipo. Ni kweli pia kwamba Desemba 2004 mradi wa Kilinux, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, kazi ambayo mimi huihesabu miongoni mwa kazi za heshima zilizopata kufanyiwa lugha yetu katika zama hizi, na ambayo haikupata shukrani inayostahili.

Mteja wa Mbalizi, hata hivyo, alikuwa na haja zake. Printa ya steshenari ilikuja na diski ya Windows. Modemu ndogo za kuchomeka, zilizouzwa na makampuni ya simu, zilibeba ndani yake programu ya Windows. Jedwali la alama lililotumwa na ofisi ya elimu lilitengenezwa kwa Excel, na likifunguliwa kwingine mistari yake ilihama. Na juu ya hayo yote lilikuwako jambo ambalo watetezi wa mifumo ya bure, waliokaa penye nyaya za intaneti, hawakuliona: CD ya kuibwa ilikuwa kamili, na CD ya halali haikuwa kamili. Ubuntu ilipowekwa, ili icheze nyimbo na video za kila siku ilidai kwanza iende mtandaoni kuchukua vipande vilivyosalia. Ikikosa kipande, ilimwambia mtumiaji akipakue. Kwa nchi iliyopata waya wake wa kwanza wa intaneti wa chini ya bahari, SEACOM, Julai 2009, na ambayo mwananchi wake wa nyanda za juu alikuwa akinunua mtandao kwa vipimo vidogovidogo, huo ulikuwa uhuru wenye karo ya kila siku. Windows ya kuibwa, pamoja na Office yake na programu ya nyimbo, ilikaa yote katika mkoba wa fundi, ikapanda naye Ilembo, huko Umalila, mahali ambapo hata simu ilikuwa ya kutafutiwa kilima. Ikiwa panapaswa kutafutwa makosa, mimi ningeanza na wale walioitengeneza zawadi yao kwa kipimo cha nyumba zao.

Sheria haina shaka katika jambo hili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inailinda programu ya kompyuta kama inavyokilinda kitabu, na kunakili Windows bila ya ruhusa ni kuivunja. Fundi akiulizwa hujitetea kwa hoja ambayo nimeisikia mara nyingi hata nikaiona ina umbo la fatwa: kwamba yeye hauzi Windows, anauza muda na mikono yake, na nakala ni ya hewani. Hoja haisimami mbele ya hakimu. Lakini inaeleza vizuri jinsi bei inavyopatikana, kwa kuwa malipo ya kazi hayabadiliki iwe mfumo ni wa dola zaidi ya mia moja, kama ilivyokuwa bei ya Windows 10 Home katika maduka ya Marekani ilipotoka mwaka 2015, au ni Ubuntu isiyo na bei. Mteja hulipia kuondokewa na kistari kinachopepesa. Fundi anayeweka Linux na fundi anayeweka Windows wangepokea sawasawa, na hapo tena huoni sababu ya kumfanya wa pili ajitaabishe kuwa wa kwanza.

Flashi ilipoiondoa CD, kazi ilikwenda kasi, na laptopu nyembamba zisizo na tundu la diski zikawa hazina njia nyingine. Mtengenezaji wa Windows naye akabadili silaha. Windows 10 ilianza kujisasisha yenyewe, ikinywa bando la mwenye simu aliyekuwa amemshirikisha mwenzake mtandao, na kuzima masasisho hayo kukawa huduma inayoombwa kwa jina, kinyume cha ushauri wa wajuzi wote wa usalama. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ikadai kifaa cha usalama ambacho mashine za zamani hazina, ikadai pia intaneti na akaunti kabla haijamfungulia mwenyewe mlango. Na mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10 kwa desturi yake ya kawaida, kama ilivyoiacha XP Aprili 2014 na Windows 7 Januari 2020. Kwa mafundi, kila tarehe ya namna hiyo ni msimu.

Limebaki jambo moja, ambalo wateja wengi hawalijui na baadhi ya mafundi pia. Tangu Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wanaoziuza laptopu zao pamoja na Windows huandika namba ya leseni ndani ya bodi ya mashine, ambamo haifutiki kwa kufutwa diski. Laptopu iliyotumika katika ofisi ya Uingereza au Ujerumani, ikauzwa kwa jumla, ikafika Dar es Salaam na hatimaye Mbalizi, mara nyingi imekuja na leseni yake halali, na ikiwekewa toleo lilelile ililozaliwa nalo hujithibitisha yenyewe mara ipatapo mtandao. Ilhali ile mpya ya FreeDOS, iliyotoka katika boksi lenye nailoni, haina kitu. Nimeona fundi mwenye mazoea ya nakala ya Pro akiiweka kwa nguvu katika mashine iliyokuwa na leseni ya Home, kisha akahangaika na programu za kuvunja kufuli ambalo halikuwa limefungwa. Mafundi wenye maarifa siku hizi, kabla ya kutoa flashi mfukoni, huanza kwa kuuliza laptopu imenunuliwa ikiwa mpya au imetumika, na imetokea nchi gani.